U Yenye Macho

Kabla ya a-e-i-o-u nilijua kuandika jina la mji
ambao hakuna mtu wa Kibigori aliyewahi kuuona.
Baba aliliweka bamba la shaba juu ya goti,
karatasi ya mfuko wa sukari juu ya bamba,
kisha kipande cha mkaa mkononi mwangu: sugua.
Zikajitokeza moja moja, kama watu wanaotoka kwenye ukungu:
M, U, N, C, H, E, N.
Chini yake 1908, na namba ndefu.
Juu ya U, vidoti viwili.
"Hayo macho," baba alisema. "Inaangalia reli."

Darasa la kwanza, Mwalimu Perpetua akayapiga wino mwekundu.
U haina macho, akaandika.
Nililia. Baba akacheka,
lakini usiku ule alilisugua bamba kwa majivu na limau
kana kwamba ni yeye aliyekosolewa.

Lilikuwa garimoshi dogo la reli nyembamba,
fupi kama mtu mwenye hasira,
likivuta miwa hadi kinywani mwa kiwanda,
likila makapi ya miwa liliyoileta jana yake.
Zablon Oguta, mchochezi, namba ya kazi 212,
alilijua kwa kikohozi.
Halikupenda asubuhi. Halikupenda mvua ya Nandi.
Alilitukana kwa Kijaluo, akalitukana kwa Kihindi,
na mwisho wa mwezi, akiwa na hela, alilisifu.

Kiwanda kikafa na mishahara ya miezi kumi na minne tumboni.
Watu wakachukua walichoweza: mabati, saa ya ukutani;
karani mmoja akabeba mlango wa kasha la fedha,
bila kasha.
Baba alikwenda na spana moja.
Skrubu nne. Akarudi na bamba ndani ya shati,
akalifanya mfuniko wa mtungi,
na kwa miaka thelathini na minne
maji yetu yamelala chini ya München.

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mizani na gesi ya kukatia.
Wakachukua kengele, wakachukua magurudumu ya mabehewa.
Bomba la moshi walikuwa wamelikata nusu
mvua ilipoanguka, na udongo mweusi wa Kano
ukalimeza lori lao hadi ekseli.
Sisemi ni Mungu. Nasema ni udongo.

Sasa tuko watano, kila Jumamosi ya pili,
na brashi za waya, na dizeli kwenye kopo la mafuta ya kupikia.
Mimi huchomelea mageti Kibuye; hapa nachomelea bure.
Harjinder huja kutoka Kisumu na daftari la babu yake,
fundi wa boila, limeandikwa Kipunjabi
asichoweza kukisoma. Anasoma michoro.
Wasichana wawili wa chuo cha ufundi.
Na mjane wa yule karani, aliyerudisha mlango wa kasha
ingawa hatuna pa kuufunga.

Bamba lenyewe halirudi. Shaba haimalizi wiki nje huku.
Nimekata jingine kwa chuma cheusi, herufi kwa tindo,
na macho ni matone mawili ya moto
niliyoyadondosha mwenyewe.
Skrubu tatu zimekubali matundu yake.
Ya nne bado inafikiri.

Jana tulijaza maji, tukawasha makapi.
Baba tulimketisha karibu, juu ya ndoo.
Masikio yake yaliliwa na honi zamani,
kwa hiyo aliweka kiganja kwenye chuma, akangoja
kama mtu anayempima mtoto homa.
Halikutembea. Honi haikulia, ilitema nyigu.
Mvuke ukatoka pembeni, chini, kwenye mshono,
kila mahali usipotakiwa.
Harjinder akafunga daftari.
Baba akahesabu matundu kwa kidole,
akarudia kuhesabu, uso ukamfunguka.
"Saba tu!" akapaza sauti, ile sauti ya kiziwi.
"Mwaka wa mafuriko tulivuta miwa na kumi na moja."