Spoki Thelathini na Sita

Ngamiani, hapa Tanga, barabara zina namba.
Aliyezipa simjui, ila namshukuru:
ya Sita huifuata ya Tano, hata mvua ikinyesha.
Watu hawako hivyo.
Watu husema "nakuja sasa hivi" na wasije.
Husema "subiri kidogo". Niliuliza dakika ngapi,
nikazabwa kofi la mdomo.

Nina miaka saba, Bi Mwanakombo wa jirani
akaniuliza, "Habari za nyumbani?"
Nikamwambia: paa linavuja upande wa kabati,
baba hajarudi tangu Jumanne,
mchele umebaki kibaba na nusu.
Mama akanivuta ndani kwa sikio.
Usiku, jikoni, akanifunza kama anayefunza sala:
Habari? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za kutwa? Nzuri.
"Lakini paa linavuja."
"Nzuri, Mbwana. Nzuri ni kizingiti tu. Ukiruke, upite."

Wakanifukiza ubani. Wakanisomea.
Kombe nikalinywa, lina zafarani, nikaomba jingine.
Shetani hakutoka, maana hakuwamo.
Kilichokuwamo ni kengele ya shule
iliyonipasua kichwa kila saa mbili kasoro robo,
na lebo ya shati iliyoning'ata shingoni
mpaka Mama akazikata zote kwa wembe,
za mashati yote, hata ya baba.

Jina lilikuja nina miaka kumi na tisa.
Usonji, akasema daktari wa Bombo.
Mama akalirudia polepole, kama anaonja mchuzi.
"Kumbe," akasema.
Basi. Njiani akanunua andazi, tukagawana,
nusu yangu akaikata sawasawa, kwa kisu.

Sasa nanyoosha ringi, Barabara ya Kumi na Nne.
Spoki thelathini na sita, nazigonga kwa kucha;
iliyolegea hujitaja yenyewe.
Nikisema saa kumi, ni saa kumi.
Wapo wanaonipima kwa simu zao, ng'ambo, wakicheka.
"Fundi, habari za kazi?"
"Nzuri," naiambia ringi.
Wameshazoea. Baiskeli zao haziyumbi.

Ijumaa Mama huja na chai ya tangawizi.
Haulizi kitu. Hukalia ndoo iliyopinduliwa,
tunasikiliza gurudumu likizunguka mpaka lichoke.
Juzi akasema,
"Paa linavuja tena. Upande ule ule wa kabati."

Nikaweka spana chini.
Nikamtazama usoni, karibu sekunde nne.
Hiyo, Mama, ndiyo habari.