Mlango wa Saba

Kazi yangu ni kuugua.
Soli arobaini kwa siku, chai na mkate saa nne,
kila mwezi wa Julai, chuo cha utabibu, Cusco.
Wananivika shali ya kukodi
na kofia isiyo ya kijiji chochote.
Jina langu kwenye karatasi ni Santusa,
mkulima wa viazi, miaka hamsini na minane.
Maumivu: kifuani, kushoto, saba kwa kumi.
Usitaje ganzi ya mkono mpaka uulizwe.

Kengele hulia kila dakika nane.
Wanaingia na makoti yaliyopigwa pasi na mama zao.
Yanachoma au yanabana?
Yanabana, nasema.
Tangu asubuhi nimebanwa mara kumi na tisa,
na mara mbili nimekufa mikononi mwa watoto wa watu.

Daktari Olazábal ameketi pembeni na fomu.
Mstari wa kumi na moja:
*Ameheshimu utamaduni wa mgonjwa. Alama mbili.*
Basi hunishika bega.
Huniita *mamita* kwa sauti ya kumbembeleza paka.
Mmoja alinitazama meno, akajiandikia
kwamba natafuna koka.
Mbili. Mbili. Mbili.

Wa ishirini alikuwa msichana wa viatu vya kelele,
Nélida Ccorimanya, kadi imekaa upande.
Alivuta kiti. Wa kwanza kuketi.
*Maypin nanasunki, mamáy?*
Wakuuma wapi, mama?

Lugha hiyo haimo kwenye karatasi.
Mdomo wangu ulijibu kabla sijauruhusu:
*Sonqoymi nanawan.*

Ndivyo alivyosema mama yangu,
zahanati ya bonde la Lares, benchi la mbao,
nami mwana wa miaka kumi na mitatu, sare ya shule,
ndiye mkalimani.
Nikamwambia daktari kwa Kihispania: moyo.
Ndilo neno nililolijua, la nyimbo za redioni.
Na *sonqo* ni moyo, nani atabisha.
Lakini pia ni hapa, penye chembe cha moyo,
hapa mtu anaposema roho inanichafuka
na anachotafuta ni ndoo.

Wakampa aspirini. Kidonge kila asubuhi.
Alimeza kwa utii, kama deni.
Choo kilikuwa cheusi kama lami
na aliona haya kumtajia mtoto.
Wiki tatu.

*Sonqo ipi, mama?* Nélida akauliza.
*Ya juu, au ya chini?*
Akajishika mwenyewe, kifuani, kisha chini ya mbavu,
anasubiri.

Miaka thelathini na moja, na swali lenyewe ni fupi hivyo.

Nikaonyesha chini.
Akauliza choo ni cha rangi gani.
Nikamwambia.
Akauliza ni vidonge gani, nani aliviandika,
na je, aliyenifasiria alikuwa mtu mzima.
Pembeni Daktari Olazábal alikohoa:
Bibi, fuata karatasi.
Kengele.

Niliiona fomu alipokuwa akiifunga.
Mstari wa kumi na moja: mbili.
Kipimo cha moyo: hakuagiza, sifuri.
Utambuzi wa ugonjwa: si sahihi.
Ameanguka mlango wa saba.

Vile viatu vikaenda zake mlango wa nane,
kwenye mkono wa plastiki, rangi ya waridi,
rangi isiyo ya mtu yeyote wa mji huu,
mshipa umechorwa kwa buluu ili usikosewe.
Pale hakuna anayemuuliza mtu kitu.

Nilirekebisha shali.
Akaingia wa ishirini na moja, tabasamu tayari.
Mamita, maumivu yako wapi?

Daktari Olazábal alinyanyua kalamu.
Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushuka,
chini ya mbavu,
na haukupanda.