Sekunde Tano

Tulikuwa tisa mezani, maktaba ya shule, Februari,
theluji imepanda hadi vioo vya madirisha,
na vitabu vya sampuli vimepangwa kama matofali:
kampuni nne, masanduku kumi na saba,
hesabu za darasa la tatu, vyote vinang'aa,
vyote vinanuka gundi.

Tukagawiwa fomu. Vigezo thelathini na viwili,
alama sifuri hadi nne.
Je, kitabu kinakidhi viwango vya jimbo?
Je, picha zina watoto wa kila namna?
Nikauliza: na jalada, litahimili
kiatu cha matope cha Kolten Schimke?
Msimamizi Vetter akacheka kwa adabu,
akaandika kitu ambacho hakikuwa swali langu.

Muuzaji wa kampuni ya tatu alileta keki za zabibu.
Nilikula mbili. Nasema kweli:
nilikula mbili, na bado nikakinyima kitabu chake alama,
maana kilitaka kunitia maneno kinywani.
Ukurasa wa kumi na mbili: *Mwalimu, uliza: Mnaona nini?
Subiri sekunde tano.*
Miaka ishirini na sita nimesimama ubaoni,
leo mtu asiyeijua baridi ya Dakota
ananihesabia pumzi.

Kura sita kwa tatu. Kilipita.
Bodi ikaidhinisha Machi, baada ya paa linalovuja,
kabla ya bei ya mafuta ya mabasi.
Hakuna mzazi aliyekuja kupinga;
usiku ule kulikuwa na mpira wa kikapu.

Agosti, mafunzo: siku moja na nusu,
binti kutoka Omaha, sauti imemkauka,
slaidi themanini.
Vitabu vya watoto vilifika shule imeshafunguliwa,
pungufu kumi na kimoja.
Vya zamani vikatupwa kwenye lori.
Nilichomoa kimoja, nikakificha kabatini chini ya sweta,
kama mlevi na chupa yake.

Oktoba. Picha ya trei ya mayai.
"Mnaona nini?" nikasoma,
kama karani anayesoma hati ya mashtaka.
Moja. Mbili. Kolten anachora meza kwa kidole.
Tatu. Nne. Tano.
Kimya.
Nikafungua kinywa niwape jibu, kama ada yangu,
mafua yakanikaba koo,
sita,
saba,
na Annika Boschee, ambaye tangu chekechea
hajawahi kuinua mkono,
akasema, akiliambia dirisha zaidi kuliko mimi:
"Ni sita mara mbili. Ukiikata vizuri ni tatu mara nne.
Kuku hana habari."

Kitabu hicho bado sikipendi.
Sura ya tisa ni vurugu tupu,
na kila Ijumaa mama yake Kolten hupiga simu
kuuliza jedwali la saba limekwenda wapi.
Cha zamani kingali chini ya sweta.
Ila pale ukurasa wa kumi na mbili
nimeikata *tano*, nikaandika *saba*.
Kwa penseli. Mwakani huenda ikawa kumi.