Kutunga Uzi

Jumatano ni zamu ya Njoro.
Mkobani nina kipimo cha presha, vidonge vya vitamini,
chumvichumvi za maji, biskuti mbili za kutuliza tumbo,
na chini kabisa, ndani ya kibati cha pipi,
sindano ya kushonea
na uzi mweupe uliozungushiwa kijiti.

Hicho cha mwisho hakimo kwenye mwongozo.
Wewe ndiye uliyenifundisha, Aminieli.

Nilikukuta sakafuni,
siku yako ya tatu bila gongo, shuka chepechepe,
unafukuza siafu ambao hawakuwapo ukutani.
Dada yako Ndeshukurwa ameegemea mlango
kama anazuia mafuriko kwa bega.
Jirani akachungulia: "Sista, unamaliza soli bure.
Huyo ni wa kuchimbiwa tu."
Nikashika kifundo cha mkono wako, nikahesabu
mia moja ishirini na nane,
moyo unakimbia kama cherehani iliyoshuka mlima.
Nikamgeukia jirani: "Basi katafute gari."
Akaenda. Alirudi nalo, hana viatu.

Baada ya siku tisa wakakurudisha,
kichwa kimenyolewa, mwepesi kama mfuko mtupu.
Kitabu kinasema: mgonjwa anyooshe vidole, utazame vinavyotetemeka.
Ukakataa.
"Usinipime kama mtoto. Mimi fundi. Nipe sindano."
Nikagusa ile ya dawa.
"Siyo hiyo yenu inayochoma. Yetu, inayoshona."

Mara kumi na moja uzi ulipita kando ya tundu.
Ukaulowesha kwa ulimi, ukaukata kwa meno,
ukaapiza kwa Kichagga, ukaniomba radhi kwa Kiswahili.
Daftarini niliandika: uzi, bado.
Juu yake kuna mstari wa kueleza mtu ni nani.
Wengine hujaza mlevi. Wengine, teja.
Nimejaza: fundi, suruali na makoti, baraza ya Kiusa.

Kutunga.
Shanga hutungwa, na mimba, na uongo.
Kidonda hutunga usaha huku ngozi ikimeremeta.
Nawe kilikutunga hivyohivyo, taratibu,
tangu kata ya mbege kwenye matanga ya baba yako
hadi chupa ya soda isiyo na soda,
saa kumi na moja alfajiri,
kabla vidole havijakubali kufunga kifungo.

Wiki ya saba nilikuta kufuli.
Cherehani iko rehani, nawe uko ng'ambo ya Karanga,
umelala kwenye majani makavu ya migomba, unanuka.
Sikuhubiri.
Kaka yangu Elinami nilimhubiria miaka sita;
alikufa akiijua mistari yote.
Nikauliza tu: umekula nini?
Umeanguka popote?
Kesho nije saa ngapi?

Hukujibu.
Lakini Ijumaa, kwenye kitasa cha zahanati,
kulikuwa na jani la sale limepigwa fundo.
Mfagiaji alidhani takataka.
Nikamnyang'anya kabla hajalitupa:
jani hilo likikufikia, kwetu, hulirudishi.

Leo ni siku ya arobaini na moja,
au ya nne,
inategemea unaanza kuhesabu wapi.
Mvua inapiga bati, tunaongea kwa kupaza sauti.
Nimefungua kibati, nikasema ngoja nikutungie mimi,
ushone tu.
Macho yangu ya miaka hamsini na minane hayakuliona tundu.
Uzi ukapita kando. Ukapita tena.
"Sista, lete."

Mikono yako ilitetemeka bado, kidogo.
Ukaweka viwiko magotini,
ukausubiri mtetemo uvute pumzi,
ukapita katikati yake.

Hukusema lolote. Wala mimi.
Ulikuwa umeshakiona kifungo cha koti langu jeupe,
kinachoning'inia tangu Pasaka.
"Vua."
Nikavua.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila sare,
nikingoja kuhudumiwa.