Moto Upi

Maini yalimkatika mama mara mbili:
mwaka aliomzika pacha wangu Bukuru,
na Jumanne ile, Kigoma mjini,
Daktari Mwaipaja alipoinua picha dirishani
akaonyesha kwa ncha ya kalamu:
hapa moja, hapa ya pili, kama punje za mbaazi.
Zilitoka kwenye utumbo tuliodhani umepona,
zikapanda na damu, zikahamia kwenye ini
bila kuaga kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Kisu? Daktari akatikisa kichwa.
Moyo wa mama hauwezi usingizi mrefu.
"Tutazichoma. Sindano ndefu inaingia ubavuni,
inafika katikati ya uvimbe, inatoa joto."

Mama akaweka kikapu chini.
"Joto gani?"

Miaka thelathini na moja amechemsha chumvi Uvinza.
Kuni mbichi anaijua kwa mlio wake.
Huwezi kumtajia mama moto
ukapita hivi hivi.

"Wa kwanza ni wa mawimbi ya redio.
Umeme unapita, nyama inajipasha yenyewe,
polepole. Tumeuzoea, tabia yake tunaijua.
Ila nyama ikigeuka kaa, umeme hukwama.
Na mshipa mkubwa ukiwa jirani
damu hupita ikibeba joto, kama..."

"Kama Malagarasi," mama akamalizia.
"Karai la kando ya mto haliivi upande mmoja.
Huku chumvi, kule bado maji."

Daktari akaiweka kalamu mezani.

"Wa pili ni wa maikrowevu,
ndugu wa ile mashine ya kupashia wali hotelini.
Huo haujali kaa. Unapanda haraka, unapita mia,
na mto hauusumbui sana.
Lakini ukizidi unavuka mpaka,
unaunguza njia ya nyongo."

"Moto wa mgeni," mama akasema.
"Unaivisha kabla hujauona mwiko."

"Upo na wa baridi. Gesi, inagandisha."

Hapo mama akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.
"Baridi, baba? Baridi haijawahi kunipa hata pishi moja."
"Kwenye ini hata sisi hatuukimbilii," daktari akasema.
"Damu huweza kuvuja."

Mimi nilikuwa nimechora mstari
katikati ya ukurasa wa daftari:
Redio huku, Maikrowevu kule.
Dakika, ukubwa, hatari, bei.
Nilitaka upande mmoja ushinde.
Nikauliza: upi unampa mtu miaka zaidi?
"Kwa punje ndogo kama hizi," akasema, "wanakaribiana.
Wanaohesabu bado wanahesabu."
Nikabaki na kalamu hewani.

Punje moja iko peke yake, pembeni.
Ya pili imelalia bega la mshipa.
Kwa ajili ya hiyo ya pili, akasema, mimi ningechukua ule wa haraka.

Moto wenyewe haupo Kigoma.
Ni tiketi za treni, ni mahali pa kulala,
ni makarai manne na bati za banda
ambazo mama alikwisha kuziuza kichwani
kabla daktari hajataja fedha.

"Nami nikuulize," akasema.
"Chumvi ikiiva, naonja. Wewe utaonja nini?"

"Picha, mama. Tunatazama ukingo.
Lazima moto uwe umepita uvimbe pande zote,
hata kwa upana wa kidole kidogo."

"Ikibaki chembe?"

"Tunachoma tena."

"Kumbe mnarudia."

"Tunarudia."

"Sasa umesema," mama akajibu,
akavuta karatasi, akatia sahihi
kwa herufi zake kubwa za ngumbaru.

Usiku, Mwanga, jikoni kwa shangazi Nyanzobe,
alimimina mchuzi wa maharage kiganjani,
akaulamba, akanyamaza.
Sote tukamtazama mdomo.

"Bado," akasema,
akausukuma ukuni mmoja ndani.