Hajaisikia

Nkuhungu, Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Nawasha pikapu: tiki, tiki, tiki,
kama kuku anayedonoa sufuria tupu.
Nikifika Kizota injini imeshapata moto,
imenyamaza, mtoto aliyeitwa amwamkie mgeni.

"Mama, hiyo sauti ni ya kawaida,"
asema fundi wa kampuni. Hajaisikia.
Anaandika: hakuna tatizo. Anagonga muhuri.
Mara ya tatu hii.
Waranti imebakiza siku kumi na tisa.

Mpwa wangu Chibago ana gereji ya turubai.
Aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini,
mpini sikioni, macho kayafumba,
akahama inchi moja, akarudi palepale.
"Najua ilipo." Kisha mikono mfukoni.
"Lakini nikigusa nati moja tu, shangazi,
watasema mimi ndiye niliyeua."

Basi jana nikaliacha gari lilale uani kwao,
funguo kwa mlinzi, mimi na bodaboda.
Saa kumi na mbili kasorobo nipo getini na chupa ya chai.
Fundi Lechipya anapiga miayo, anafungua boneti.
"Haya, washa."

Tiki.

Kikombe chake kinasimama njiani.
Anainama. Anaomba tochi.
Boliti ya manifoldi, imekatika shingo:
kukiwa baridi moshi unapenya,
chuma kikitanuka kwa moto, ufa unajifunga wenyewe.

Ananiomba ile karatasi yenye muhuri.
Radhi haombi. Anaomba chai nyingine.
Namimina, bado nasikiliza.