Mchanga Uliopanda

Kando ya Semliki, chini kabisa ya Bundibugyo,
Thembo anachimba choo cha shule.
Futi ya nne: udongo mweusi, mizizi ya kakao.
Futi ya saba: mfinyanzi wa kijivu,
laini kama ugali uliolala.
Kisha sepetu inasita.

Mshipa wa mchanga mweupe
umepasua udongo toka chini,
mwembamba kama kidole, umesimama wima.

Mchanga haupandi, anasema Thembo. Mchanga hushuka.
Mto huuleta, mto huulaza,
kila masika na shuka lake.

Mwalimu Biira anainama ukingoni:
"Sitini na sita, ardhi ilipotetemeka,
mama alikuwa na uchungu wangu.
Alisema maji yaliruka uani, yamejaa mchanga,
hata mbuzi wakakataa kuyanywa.
Tulimcheka."

Thembo anaupima kwa shubiri: tatu na nusu.
Chini yake, futi ya kumi, kuna mwingine,
mnene zaidi, umekatika katikati,
hauna mama wa kuusimulia.

Anapanda juu, anafuta sepetu kwa majani.
"Choo tukichimbe kule."
Hatoi sababu.

Biira amekwisha kuvua viatu.
Anataka kushuka.